Kereng'ende mwenye buti wa vijitoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unamhusu mdudu mmoja tu, Platycypha caligata. Wengi humwona wakivuka kijito kwa miguu au wakisubiri ndoo ijae, wakampiga picha kwa simu, kisha wakauliza: "Huyu wa bluu ni nani?" Mimi huwajibu kwa swali: umeiona miguu yake?

Huyu ni kereng'ende kweli? Mbona ni mdogo hivi?

Ni kereng'ende, ila si wa kundi la wale wakubwa wanaozunguka juu ya madimbwi na viwanja vya mpira mvua ikikaribia. Wale wakitua huacha mabawa yametandazwa, na macho yao makubwa karibu yafunike kichwa chote. Huyu yumo katika kundi la kereng'ende wembamba. Macho yake yamekaa mbalimbali, moja kila upande, kama ncha mbili za nyundo. Mabawa yake manne karibu yanalingana, naye akitua huyakunja juu ya mgongo.

Hilo neno "mwembamba" lenyewe halimkai vizuri. Ukimlinganisha na wenzake wa kundi hilo, ambao wengine ni kama sindano yenye mabawa, huyu ni mnene na mfupi. Urefu wake wote unazidi kidogo sentimita 3, na tumbo lake halifiki mwisho wa mabawa. Halafu ana pua. Si pua ya kupumulia, bali sehemu ya mbele ya uso iliyochomoza, inayompa sura ya mtu aliyekasirishwa na jambo dogo. Tumbo fupi na uso uliochomoza ndizo alama za familia yake, Chlorocyphidae, ambayo inapatikana Afrika na Asia.

Jina "mwenye buti" limetoka wapi?

Kijitoni watu humwita kereng'ende tu, kama wenzake wote, na hakuna ubaya. "Mwenye buti" ni tafsiri yangu ya jina lake la kisayansi. Mbelgiji Edmond de Selys Longchamps, aliyekuwa bingwa wa kereng'ende katika karne ya 19, ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1853 akamwita caligata. Kwa Kilatini, caliga ni kiatu kizito cha askari wa Kirumi. Kaizari Caligula naye alilipata jina lake la utani humo humo, kwa kuvalishwa viatu vya kiaskari angali mtoto kambini kwa baba yake. Kwa hiyo caligata ni "aliyevaa buti", na atakayemwona dume akining'iniza miguu mbele ya jike atakubali kwamba Selys hakukosea.

Dume anafananaje?

Kitu cha kwanza ni mgongo wa tumbo: bluu kali, ya kung'aa, na tumbo lenyewe ni pana na bapa, si mviringo kama ujiti. Likipigwa na jua linalopenya kwenye majani unaweza kudhani kuna mtu ametupa kipande cha kioo juu ya jiwe. Kifua ni cheusi chenye michirizi ya njano inayokaribia rangi ya chungwa. Mabawa ni maangavu, na karibu na ncha ya kila bawa kuna doa dogo jeusi.

Sasa shuka kwenye miguu. Mdudu ana miguu sita, na kila mguu una paja, muundi na kiganja chenye kucha. Kwa kereng'ende wengi muundi ni kijiti chembamba chenye miiba. Kwa dume huyu miundi imetanuka ikawa kama makasia madogo, na kila mmoja una rangi mbili: upande wa mbele mweupe pe, upande wa nyuma mwekundu. Akitulia juu ya jiwe huoni sana. Akiruka akasimama hewani ndipo unapoelewa.

Dume aliyetoka majini karibuni hana fahari hiyo bado. Rangi zake zimefifia, na huchukua siku kadhaa akila na kukomaa mbali kidogo na maji kabla ya bluu kukolea.

Na jike?

Jike ni wa kahawia na nyeusi, na ana madoa na michirizi ya rangi ya udongo mkavu. Miundi yake haikutanuka. Akitua juu ya gogo lenye ukungu hupotea machoni kabisa. Kwa miaka kadhaa nilikuwa naandika daftarini "madume manne, jike hakuna," hadi siku moja nilipokaa chini ili kufunga kamba ya kiatu na kukuta majike watatu kwenye gogo lile lile ambalo dume mmoja alikuwa akilizunguka. Walikuwepo wakati wote. Nilikuwa natafuta bluu.

Kwa nini miguu ina rangi mbili?

Kwa sababu anazungumza na watu wa aina mbili, mchumba na adui, na hawaambii neno moja.

Jike akifika eneo lake, dume humwendea, akasimama hewani mbele ya uso wake, akaning'iniza miguu na kuitikisa upesi upesi. Upande unaoelekea kwa jike ni ule mweupe. Ukiwa umesimama hatua chache tu, huoni miguu tena, unaona kitu cheupe kikimetameta kando ya mwili wa bluu. Jike kazi yake ni kutazama. Hana haraka, na mara nyingi huondoka, dume akabaki akirukaruka peke yake.

Akija dume mwingine, mambo hubadilika. Wawili hao huruka wakikabiliana au kuzungukana juu ya maji, na sasa kinachooneshwa ni wekundu wa nyuma ya miundi pamoja na bluu ya tumbo. Hawaumizani kama majogoo. Ni kutunishiana misuli hewani, mpaka mmoja achoke na kwenda zake. Anayebaki hurudi pale pale alipokuwa, mara nyingi kwenye jiwe lile lile.

Watu huniuliza kama ni vita vya kugombea majike. Mimi nasema ni vita vya kugombea gogo.

Gogo? Gogo gani?

Hapa ndipo maisha yote ya mdudu huyu yalipofungwa.

Kereng'ende wakubwa wengi hudondosha mayai majini wakiruka. Wembamba hawafanyi hivyo. Jike ana kifaa chenye makali mwishoni mwa tumbo, kama msumeno uliounganishwa na sindano, anachotumia kukata mmea na kupachika yai ndani yake, moja moja. Wapo wanaotumia majani na mashina mabichi ya mimea ya majini. Huyu wetu hupenda mti uliokufa: gogo lililolala nusu majini, tawi lililonasa katikati ya mawe, mzizi ulioloa na kulainika. Ukiwa mbichi na mgumu, sindano haipiti. Ukiwa umeoza mno, utamomonyoka kabla mayai hayajaanguliwa. Na lazima ubaki na unyevu.

Katika kijito cha kawaida vitu vya namna hiyo si vingi. Unaweza kutembea mita mia ukakuta gogo moja tu linalofaa. Dume mwenye akili halizunguki bonde zima kumtafuta jike. Hukaa penye gogo akijua jike atakuja mwenyewe, maana hana pengine pa kutagia. Ndiyo maana madume hulinda kipande kidogo cha kijito, hatua chache tu, kwa ukali usiolingana na ukubwa wa eneo lenyewe.

Jike akikubali, dume humshika nyuma ya kichwa kwa koleo lililo mwishoni mwa tumbo lake, naye jike hukunja tumbo mbele hadi wawili hao wafanye umbo linalofanana na moyo. Haichukui muda mrefu. Kisha jike hurudi kwenye gogo na kuanza kazi ya kutaga, ambayo ndiyo ndefu, na dume hukaa karibu akiwafukuza wengine. Ana sababu nzuri ya kukesha. Kwa kereng'ende wembamba, dume wa pili anaweza kuziondoa mbegu za dume wa kwanza ndani ya mwili wa jike kabla ya kuweka zake. Atakayezembea amelinda gogo bure.

Tena si ajabu kukuta majike kadhaa wametulia juu ya gogo moja, kila mmoja na sehemu yake, utadhani akina mama kwenye karo la kufulia. Jike akiwaona wenzake wanataga mahali, naye huvutwa hapo.

Watoto wake wanaishi wapi?

Majini, na hawafanani naye hata kidogo. Yai likianguliwa hutoka lava, mdudu wa kahawia asiye na mabawa, anayeishi chini ya mawe, katikati ya mizizi na kwenye takataka za majani zilizokusanyana penye mkondo. Lava wa kereng'ende wembamba kwa kawaida wana matamvua matatu mkiani, yaliyo kama majani. Jamaa hii ya Chlorocyphidae ina mawili tu yanayoonekana, marefu na yaliyochongoka kama miiba, kwa kuwa la katikati limedumaa. Mwalimu anayechota wadudu wa mtoni na wanafunzi wake anaweza kuitambua familia kwa alama hiyo moja: miiba miwili nyuma, basi.

Lava ni mwindaji. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya kichwa kama mkono, na mawindo yakipita huufyatua na kuyanasa. Hula lava wa wadudu wengine na viumbe vidogo vya majini. Hukua kwa kujivua ngozi mara nyingi, na hakuna hatua ya pupa kama ya kipepeo. Siku ikifika hupanda juu ya jiwe au mzizi, ngozi hupasuka mgongoni, na kereng'ende hutoka akiwa laini na amekunjamana. Ganda tupu hubaki limeshika jiwe. Ukilikuta, usilifute, ni ushahidi mzuri kuliko picha ya mdudu mzima, kwa sababu linathibitisha kwamba alizaliwa hapo, hakupita tu.

Anang'ata? Anachoma?

Hachomi, hana mwiba wa sumu. Ile sindano ya jike ni ya kutagia. Hula mbu, nzi wadogo na wadudu wengine wanaoruka, na yeye huliwa na buibui, ndege na vyura.

Anapatikana nchi gani?

Nyingi. Yupo kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, kupitia Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi, Zambia, Msumbiji na Zimbabwe, na magharibi anafika Kongo na Angola. Anachotaka ni maji yanayotembea, mawe, miti kandokando, na kivuli kilichotoboka. Msitu mnene usiopitisha jua haumpendezi. Uwanja wa wazi usio na mti hali kadhalika. Kijito kinachopita kwenye migomba na miti ya kivuli pembeni mwa shamba kinaweza kumfaa kabisa, ilimradi maji yawe safi na magogo yaachwe.

Niende saa ngapi, na nifanye nini nikifika?

Nenda jua likishapanda, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Kukiwa na wingu, subiri. Jua likitoka hata dakika tano huja, na likifichwa hutoweka mithili ya waliozimiwa taa.

Usitembee ukitazama mbele. Tafuta kwanza gogo au mzizi ulioloa, penye maji yanayokwenda taratibu kuliko yanayoporomoka, kisha kaa chini hatua tatu nne pembeni. Kaa, usisimame, maana yeye huruka chini sana, karibu na maji. Kivuli chako kisiangukie gogo. Baada ya muda dume atarudi kwenye jiwe lake na kukusahau. Darubini ndogo ya ndege inayoona vitu vya karibu inafaa kuliko kamera kubwa.

Mvua kubwa ikinyesha milimani, toka kijitoni mapema hata kama ulipo kuna jua. Hilo halimhusu kereng'ende, linakuhusu wewe.

Nikimwona, maji ya hapo ni salama kunywa?

Hapana. Swali hili linarudi kila mara, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu kidogo.

Kereng'ende anasema jambo kuhusu kijito, lakini si jambo hilo. Kuwepo kwake, hasa ukikuta maganda ya lava, kunaonesha kwamba maji yana oksijeni, hayajajaa tope, na kando zake zina miti na mbao zilizoloa. Hakusemi lolote kuhusu vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo. Choo kilichojengwa mita kumi juu ya kijito kinaweza kukuua wewe na kumwacha yeye akicheza. Chemsha maji.

Kinachofaa ni kuhesabu aina zote za kereng'ende unazoziona mahali pamoja na kulinganisha mwaka hadi mwaka. Afrika Kusini wana kipimo cha namna hii, ambapo kila aina hupewa alama kuanzia 0 hadi 9: aina iliyoenea na yenye kuvumilia hupata alama ndogo, na aina adimu inayodhurika upesi hupata kubwa. Huyu wetu, kwa kuwa ameenea, si wa alama za juu.

Yuko hatarini kutoweka?

Yeye hapana. Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe na mazingira, amewekwa kundi la wasiotia wasiwasi mkubwa. Ndugu zake ndio wa kuhurumiwa. Platycypha auripes, mwenye jina linalomaanisha "miguu ya dhahabu", anapatikana katika Milima ya Tao la Mashariki nchini Tanzania na si kwingine duniani. Platycypha amboniensis, licha ya jina linalomkumbusha mtu mapango ya Amboni kule Tanga, ni wa nyanda za juu za Kenya, na makazi yake ni finyu mno. Platycypha pinheyi ameacha vijito akaenda kuishi kwenye mwambao wa mawe wa Ziwa Tanganyika, akitumia mawimbi badala ya mkondo.

Na nje ya jamaa hiyo kuna Amanipodagrion gilliesi wa misitu ya Amani, Usambara Mashariki, aliyeelezwa mwaka 1962. Huyo yuko katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kijito kimoja kikiharibika, huenda habari yake ikawa imekwisha. Kwa hiyo ukifika Amani, usiingie na nyavu kwenye kila kijito eti unatafuta kereng'ende. Uliza kwanza ofisi ya hifadhi.

Kijiji chetu kina siku ya kusafisha mto. Tutamdhuru?

Inategemea mnaita nini uchafu. Chupa za plastiki, nepi, magunia na mabaki ya dawa za shambani, ondoeni vyote. Magogo na mizizi iliyooza, acheni. Najua gogo bovu majini halipendezi kwa mgeni rasmi anayekuja kupiga picha, na mara mbili nimeona vijana wakilivuta nje kwa bidii na kulichoma moto wakipigiwa makofi. Mayai yalikuwa humo. Kama gogo limeziba kalavati na maji yanafurika njiani, lisogezeni hatua kadhaa mahali pasipoziba, sehemu iliyoloa ibaki majini.

Jambo la pili ni miti ya kando. Tanzania, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kudhuru ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kila mkulima wa bondeni ameshasikia habari za "mita 60", kwa kawaida siku ya kung'olewa mboga zake. Ugomvi huo ni mrefu, nao si wa ukurasa huu. Ila mkipanda miti, chagueni. Afrika Kusini, miti ya kigeni kama muwati iliziba vijito kwa kivuli kizito, na kereng'ende waliokuwa wakitegemea jua wakapungua. Ilipokatwa na mimea ya asili ikarudi, nao walirudi. Pandeni miti ya asili ya bonde lenu, na acheni nafasi jua lifike majini.

Naweza kumfuga?

Hapana. Atakufa.

Nimetuma picha, umesema haitoshi. Kwa nini?

Kwa sababu umempiga mgongoni, kama wote. Kwenye Milima ya Tao la Mashariki bluu ya mgongo peke yake haitenganishi ndugu na ndugu, na picha ya miguu ndiyo inayomaliza ubishi. Shuka hadi simu iwe karibu kugusa maji, mpige kwa ubavu au kwa mbele, na kama anaruka mbele ya jike rekodi video hata ya sekunde kumi. Andika jina la kijito, tarehe, saa, na alikuwa ametua juu ya nini. Kama ni gogo, piga na gogo.